Michezo ya Dhihaka: Ifutwe au Ibainishwe?

Ndugu zetu, katika darasa letu yameulizwa mas-ala haya: michezo ya zamani ya kuchekesha, iliyo na dharau kwa watu wa rangi au dini nyingine, je, vituo vya televisheni viifute, au viionyeshe pamoja na maelezo?

Swali limetoka Uingereza. Mwezi wa Juni 2020, baada ya kuuawa George Floyd huko Marekani, BBC iliondoa mchezo wa Little Britain, kwa kuwa wachezaji Wazungu walijipaka rangi wakaigiza watu wengine. Mwezi huo huo UKTV iliondoa sehemu moja ya Fawlty Towers, ya mwaka 1975, kisha ikairudisha pamoja na onyo. John Cleese, mmoja wa watungaji wake, alipinga: yule mzee wa jeshi atamkaye maneno machafu ndiye achekwaye, si wale anaowataja.

Hoja hiyo ina uzito. Dhihaka imekatazwa katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, lakini kufichua upumbavu wa mwenye kiburi si sawa na kumcheka mnyonge. The Black and White Minstrel Show haina udhuru huo. BBC iliionyesha tangu 1958 hata 1978, Wazungu wamejipaka weusi nyusoni. Na mwaka 1967 ilipelekewa malalamiko ya maandishi, nayo ikaendelea miaka 11 mingine!

Sisi twaona njia imekwisha onyeshwa na wanazuoni wa Hadithi. Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 597 wa Hijra, hakuzifuta hadithi za uongo; alizikusanya katika Al-Mawdhu'at, akabainisha ubatili wake. Afutaye alama ya dhulma humpa dhalimu nafasi ya kukana. Lakini wanazuoni hao hao hawakuruhusu hadithi kama hiyo isimuliwe bila ya kutajwa hali yake. Basi michezo hii ihifadhiwe kwa wenye kusoma, wala isirushwe jioni iwe burudani ya watoto.

Na maelezo yawe maelezo. Onyo la sekunde chache, kwamba haya ni mambo ya wakati ule, ni kujivua lawama tu. Katika Mind Your Language, iliyoanza 1977, Ali Nadim, Mwislamu wa Pakistani, hugombana na Ranjeet Singh ili watu wacheke. Mtazamaji aambiwe kwamba ugomvi huo uliandikwa na Mwingereza, Vince Powell, kwa watazamaji wa Uingereza. Na waitwe waliodhihakiwa washiriki kuyaandika maelezo hayo, wasiachiwe wenye kituo peke yao.