Kabla ya masika, inua kwato za punda wako

Wiki iliyopita mzee mmoja wa Mbulu aliniita nikamtazamie shamba analotaka kupanda vitunguu saumu. Tulimaliza mambo ya shamba mapema, nikawa naaga, ndipo nikamwona punda wake amesimama chini ya mti karibu na zizi. Mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa umetangulia kidogo, ukigusa ardhi kwa ncha tu.

"Mzee, punda huyu ana nini?"

"Hana kitu, mwanangu. Amekuwa mvivu tu. Tangu Januari mlima ule hataki kuupanda."

Nikamwomba kijana wake amshike punda kichwani, nami nikapitisha mkono taratibu kutoka begani hadi chini ya goti, nikauinua mguu. Chini ya ukwato kulikuwa na samadi iliyokauka ikashika kama saruji. Nilipoichokoa kwa bisibisi butu, harufu ilinifikia kabla sijaona kitu. Kando ya kile kipande laini kama mpira, chenye umbo la kabari, kilicho katikati ya unyayo, kulikuwa na ufa, na ndani ya ufa uji mweusi. Nilipougusa kidogo tu, punda akauvuta mguu wake na kushusha masikio. Hakupiga teke, hakulia. Mzee alitazama kimya, kisha akasema, "Kumbe mwenzangu anaumwa."

Nimeianza makala hii kwa mzee yule kwa sababu yeye si mzembe. Punda wake ana mwili mzuri, hana kidonda mgongoni, anapata maji kila siku. Kilichomponza ni kile kinachowaponza wengi wetu: hatuinui miguu. Na kama ukwato umeoza namna ile wakati wa ukame, kwa sababu ya mkojo na samadi ya zizini peke yake, masika yakiingia hali itakuwaje? Zimebaki wiki chache. Hizi ndizo wiki za kufanya kazi ya kwato.

Tuanze na asili ya mnyama mwenyewe. Punda ametokana na punda-mwitu wa nchi kavu za kaskazini-mashariki mwa Afrika, ambako binadamu alianza kumfuga takriban miaka 7,000 iliyopita. Mguu wake uliumbwa kwa mawe, changarawe na vumbi. Ukwato wake ni mdogo, mwembamba na umesimama wima zaidi kuliko wa farasi, na ukikaa kwenye maji hunywa unyevu ukalainika. Ukishalainika, mawe madogo hupenya na vijidudu hupata njia. Koti lake nalo halizuii mvua vizuri kama la farasi. Punda akinyeshewa, maji hufika kwenye ngozi. Kwa hiyo anayesema punda ni mnyama mgumu asiyehitaji banda anasema kweli kuhusu jua, lakini si kuhusu mvua.

Hapa ndipo nataka kukaa, maana wafugaji wengi wakinipigia simu huuliza dawa, nami huwajibu kwa kuuliza: usiku punda wako anasimama wapi? Kama anasimama kwenye tope la zizi la ng'ombe, hakuna dawa itakayomponya. Utapaka leo, kesho amerudi kwenye uchafu uleule. Mpe pahali pakavu, hata padogo, na nusu ya matatizo ya kwato yatakwisha bila kununua chochote.

Pahali pakavu ni hivi. Chagua sehemu iliyoinuka kidogo, chimba mfereji upande wa juu ili maji ya mlimani yasipite ndani, kisha mwaga kokoto au changarawe ya mtoni unene wa sentimita 15. Kwa punda wawili, eneo la mita 3 kwa 3 linatosha kuanzia. Hesabu yake haifiki mita za ujazo moja na nusu, yaani kama tripu tano za mkokoteni wa punda wawili usiojazwa kupita kiasi. Changarawe hupitisha maji chini, na punda akizunguka juu yake husugua kwato zake na kuzisafisha mwenyewe. Juu weka paa, liwe bati au makuti au nyasi, na upande unaotoka upepo wa mvua weka ukuta. Samadi izolewe kila asubuhi. Usitandike majani mabichi wala pumba za mpunga zilizoloa ukidhani unamstarehesha. Hayo hushika mkojo na kuulaza chini ya miguu.

Sasa kazi ya mikono. Kila jioni punda akitoka kazini, inua miguu yote minne. Chokoa uchafu kutoka kisiginoni kwenda mbele, usianze mbele kurudi nyuma, usije ukaichoma ile sehemu laini. Angalia kama kuna jiwe lililokwama, msumari, ufa au sehemu inayonuka. Weka kiganja juu ya kila ukwato ulinganishe joto. Ukizoea, kazi hii haizidi dakika 10 kwa punda mmoja, na wanao wa shule wanaweza kuifanya chini ya macho yako. Mwana-punda aanze kuzoeshwa kuinuliwa miguu akiwa na miezi miwili au mitatu, angali mwepesi. Ukisubiri akue utapigana naye miaka yote.

Ukiona uozo kama ule wa punda wa Mbulu, safisha kabisa kwa maji na brashi, kausha kwa kitambaa, kisha paka iodini kila siku mpaka pakauke na harufu iishe. Mrututu nao unasaidia, lakini uwe umeyeyushwa mwepesi. Unga mtupu ukiugusisha kwenye nyama hai unaunguza, na kesho punda hatakubali umshike. Nimewaona watu wakipaka oili chafu ya gari. Acheni hiyo, ndugu zangu. Inafunika uchafu ndani, na uozo unaendelea gizani.

Kupunguza urefu wa kwato ni kazi nyingine, na hii haifanywi kila jioni. Ukwato hukua kama milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Punda anayetembea kwenye barabara ya mawe huusaga mwenyewe, lakini yule anayefungwa nyumbani, au anayetembea kwenye mchanga laini na tope, hausagi. Kwa hiyo kila baada ya wiki 6 hadi 10 kwato zikaguliwe, na zikizidi zikatwe. Masika tope huwa jingi na safari za mkokoteni hupungua, kwa hiyo kwato hurefuka upesi wakati huohuo ambao ni laini. Ndiyo maana nasema zikatwe sasa.

Anayejua kukata hutazama mambo mawili. La kwanza, ukimtazama punda kwa ubavu, mstari wa mbele wa ukwato uendelee na mstari wa kifundo kilicho juu yake bila kuvunjika. Usimlaze kisigino ukitaka ufanane na ukwato wa farasi. Wa punda umesimama, na uachwe hivyo. La pili, kinachokatwa ni ukuta wa nje uliozidi, mpaka ulingane na unyayo. Unyayo wenyewe usichongwe ukawa mwembamba, na kile kipande cha katikati kiondolewe tu vipande vilivyochanika. Kisha lainisha ukingo kwa tupa ili usimeguke kwenye mawe. Kama kwato zimeachwa mpaka zikajikunja mbele, usizirudishe kwa siku moja. Mishipa ya miguu imeshazoea mkao ule. Punguza kidogo, subiri wiki tatu au nne, punguza tena. Panga la jikoni si kifaa cha kazi hii. Kama kijijini hakuna mwenye kisu cha kwato, koleo na tupa, changeni watu sita au saba mnunue seti moja, na mwambieni ofisa mifugo wa kata awafundishe vijana wawili.

Kuna ugonjwa wa kwato ambao hautoki kwenye tope bali kwenye chakula, nao masika huuleta pia. Punda amezoea majani makavu, magumu, kidogo kidogo kutwa nzima. Mvua zikianza, majani mabichi huchipua, na mfugaji kwa huruma humwongezea pumba na mahindi yaliyobaki. Mwili wa punda hauwezi kuustahimili utajiri huo. Ndani ya ukwato, tishu zinazoushikilia ukuta wa nje kwenye mfupa huvimba na kuanza kuachia. Wataalamu huuita laminitisi. Punda huegemea nyuma kupunguzia miguu ya mbele uzito, hulala mara kwa mara, kwato huwa za moto, na akilazimishwa kutembea anakanyaga kama mtu aliye pekupeku juu ya mawe makali. Ukiona hivyo mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, ondoa pumba, na msimamishe pahali laini na pakavu.

Ugonjwa huu si wa punda peke yake. Norway wana farasi wao mdogo wa Fjord, mnene wa shingo, rangi ya hudhurungi iliyopauka, mwenye mstari mweusi mgongoni unaofanana kabisa na ule wa punda wetu. Naye ni mnyama wa milimani aliyezoea lishe haba, ananenepa kwa majani machache, na wenye farasi hao hulazimika kumzuia asilishe ovyo majani yanapochipua, kwa hofu ya ugonjwa huuhuu. Mtazame punda wako shingoni: ukiona mafuta yamejikusanya juu, chini ya manyoya yake yaliyosimama, na shingo inataka kulala upande mmoja, amezidi. Mpunguzie taratibu. Msiba mwingine ni kumnyima chakula ghafla, kwa sababu punda aliyenenepa akikaa bila kula mafuta humiminika kwenye damu yake na anaweza kufa. Vivyo hivyo, punda yeyote aliyegoma kula siku nzima ni mgonjwa wa kukimbiziwa daktari. Punda huficha maumivu. Akikuonyesha kwa kugoma kula, ujue yamemzidi.

Kuhusu misumari na miiba, nitasema kwa msisitizo. Lugha yetu imeuita ugonjwa ule pepopunda, na jina halikukosea: punda na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaopatwa nao kwa urahisi kabisa. Vijidudu vyake huishi kwenye udongo na samadi, na hupenda tundu jembamba lisilopitisha hewa, kama linaloachwa na msumari kwenye unyayo. Siku kadhaa baadaye punda anakakamaa, miguu imetanuka kama ya meza, mkia umeinuka, taya halifunguki. Wakifika hapo wachache hupona. Chanjo ipo. Mwulize daktari wa mifugo wa wilaya. Dozi ya kwanza na ya pili hutenganishwa kwa wiki chache, kisha hurudiwa kwa ratiba atakayokupa. Mkiungana wenye punda 10 au 20 kijijini, gharama ya kumleta inagawanyika.

Msumari au jiwe likiingia pia huweza kuleta jipu ndani ya ukwato. Punda aliyekuwa mzima jana leo hagusi chini kabisa, na mwenye punda hudhani mguu umevunjika. Daktari akilitoboa pahali pake hutoka usaha wa kijivu au mweusi, na nafuu huonekana upesi. Kisha ni kuloweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kukausha, na kuufunga ukwato kwa kitambaa safi na kipande cha kiroba juu yake ili tope lisiingie. Punda huyo asifanye kazi mpaka atembee sawasawa.

Mizigo nitaigusa kwa ufupi, maana niliiandikia mwaka jana. Punda wetu wa kienyeji wengi hawafiki kilo 200. Mgongoni asibebe zaidi ya theluthi ya uzito wake, na kwenye utelezi punguza tena. Shogi ziwe sawa pande zote mbili. Nira ya ng'ombe si ya punda: nguvu zake ziko kifuani, si mabegani. Na kamba ya kumfunga miguu usiku itupwe, kwa sababu ikiloa inakaza na kukata.

Najua wapo watakaosema ni nafuu kumuuza punda anayechechemea kwa wanunuzi wa ngozi. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliafiki kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi, na hawakufanya hivyo bure. Punda jike hubeba mimba takriban mwaka mzima, hivyo kundi likipungua halirudi haraka. Waulize akina mama wanaochota maji mbali kazi aliyokuwa akiifanya punda wao inafanywa na nani sasa. Watakuonyesha migongo yao.

Mzee wa Mbulu alinipigia juzi. Uji mweusi umekoma, punda anakanyaga kwa unyayo wote, na kijana anachokoa kwato kila jioni akirudi kutoka shuleni. Changarawe bado hajaleta, anasema anasubiri kwanza amalize kupanda vitunguu. Nimemsihi asisubiri, nawe nakusihi vilevile: zimwagwe kabla ya mvua ya kwanza, maana tope likishaingia njiani, mkokoteni wa kuzileta hautapita.