Dondoo muhimu: Magurudumu mapya ya baiskeli ya mizigo, yanafaa?

Kwa anayesukuma mpunga au mafuta ya mawese kati ya Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, gurudumu zuri ni lile linalobeba bila kupinda. Kabla ya kutoa pesa:

- Anza na la nyuma. Ndilo linalobeba mzigo. Baiskeli nyingi za inchi 28 zina spoki 40 nyuma na 32 mbele. La mbele likiwa zima, liache.
- Tafuta chanzo cha tatizo. Spoki hukatika hasa kwenye kona karibu na kitovu, mara nyingi kwa sababu zimelegea. Zibinye moja moja; zilizolegea fundi azikaze.
- Tikisa gurudumu. Likicheza, huenda golori na grisi mpya zikatosha.
- Nunua rimu mpya ikiwa ya zamani imepasuka, au inapinda tena kila ikinyooshwa.
- Chagua chuma. Alumini ni nyepesi, lakini chuma kilichopinda fundi wa kijijini hukinyoosha kwa nyundo.
- Weka akiba ya pesa ya tairi. Rimu mpya yenye tairi kuukuu haikufikishi.

Usinunue kipimo ambacho vipuri vyake havipatikani sokoni kwenu.