Oili Ivujapo Nyuma ya Injini: Tazama Juu Kwanza



Gari la chama lenye injini ya silinda nane za umbo la V likidondosha oili karibu na giaboksi, fundi huweza kusema sili ya nyuma ya krenki imekwisha. Kazi hiyo hudai giaboksi ishushwe, na gharama yake ni kubwa. Kabla ya kuidhinisha malipo, katibu na aulize: je, manifoldi ya kuingizia hewa imekaguliwa?

Katika injini nyingi za namna hii, manifoldi hufunika bonde lililo kati ya safu mbili za silinda. Sili za ncha zake zikikauka, oili hupenya, huteremka mgongoni mwa injini na kuonekana chini.

Hatua za kufuata:

1. Safisha injini, iwashe, kisha mulika kwa tochi nyuma ya manifoldi.

2. Injini ikipoa, mwaga maji ya rejeta, ndipo ufungue manifoldi.

3. Ziba matundu kwa vitambaa safi, kwangua mabaki ya gasketi, kisha ondoa vitambaa vyote.

4. Weka gasketi na sili mpya. Gundi ya silikoni itiwe kidogo, penye pembe tu. Ikizidi hukatikia ndani na kuziba chujio la pampu ya oili.

5. Kaza bolti kuanzia katikati kwenda nje, kwa kipimo cha kitabu cha gari.

6. Jaza maji, badilisha oili, na safisha bomba la kupumulia injini. Likiziba, oili itasukumwa nje tena.

Swali la majadiliano: Katika chama chenu, nani hukagua kabla ya fundi kulipwa?