Kuhifadhi Simuleta za Ndege Zilizoundwa na Mashabiki

Ni simuleta zipi zinazohusika?

Ni programu za kuiga urubani zilizoundwa nyumbani na wapenzi wa ndege kwa zana za kutengenezea michezo ya kompyuta. Mwaka 1993 kampuni ya Domark ya Uingereza ilitoa Flight Sim Toolkit, kazi ya studio ya Simis, iliyomwezesha mtu asiyejua kuandika programu kuchora ardhi, kuunda umbo la ndege na kupanga mwenendo wake hewani. Mwaka 2001 ikaja Blitz3D ya Mark Sibly wa New Zealand, lugha nyepesi ya kuandikia michezo ya pande tatu. Mpenzi wa ndege hakulazimika kufikiria soko. Aliweza kuunda kiwanja kidogo cha mji wake au ndege iliyokwisha kusahauliwa, mambo ambayo kampuni isingeona faida ya kuyashughulikia, na hapo ndipo ilipo thamani ya kazi hizi.

Zinapoteaje?

Kwanza, vyombo vilivyozibeba huchakaa. Sumaku ya diski laini hufifia, na CD zilizorekodiwa nyumbani huharibika tabaka lake la rangi. Kurasa za binafsi zilizozisambaza nazo zimefungwa. Yahoo ilipoiondoa GeoCities, huduma yake ya kurasa hizo, mwaka 2009, zilizosalimika ni zile ambazo watu wa kujitolea waliwahi kuzinakili.

Pili, kompyuta yenyewe imebadilika. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za DOS wala za biti 16, na tangu Windows Vista tundu la zamani la pini 15 la kuchomekea jostiki halitambuliwi tena. Faili linaweza kuwa zima kabisa na ndege isipae.

Je, kuhifadhi mchezo uliokamilika hakutoshi?

Hakutoshi. Kinachopaswa kuhifadhiwa ni msimbo chanzo au faili za mradi, maumbo, picha, sauti, kitabu cha maelezo na toleo lilelile la zana iliyotumika. Blitz3D ni ushahidi mzuri: msimbo wake ulitolewa wazi mwaka 2014, hivyo mwenye faili za simuleta iliyoandikwa kwa lugha hiyo bado anaweza kuzisoma, kuzirekebisha na kuijenga upya simuleta yake. Simuleta ya FlightGear, iliyoanza miaka ya 1990, inaendelea hadi leo kwa sababu hiyohiyo: msimbo uko wazi kwa kila mwenye nia ya kuuendeleza.

Simuleta ikifunguka kwenye kompyuta mpya, kazi imekwisha?

Bado. Ni lazima iruke kama ilivyoruka. Baadhi ya waundaji waliifunga hesabu ya mwendo kwenye idadi ya picha ambazo skrini huonyesha kila sekunde. Tuseme ndege imepangiwa kusogea mita 2 kwa kila picha. Kwenye skrini ya picha 60 kwa sekunde itakwenda mita 120 kwa sekunde. Kwenye skrini ya picha 144 itakwenda mita 288. Tatizo haliishii kwenye mwendo wa ndege. Saa nzima ya simuleta inakimbia mara 2.4, na mshuko wa dakika 2 kuelekea njia ya kutua unakwisha kwa sekunde 50. Rubani hapati nafasi ya kunyoosha ndege, na anayeifungua leo atadhani muundaji hakuijua kazi yake. Hiyo ni dhuluma kwa mtu aliyejifunza urubani vitabuni ili airushe ndege yake sawasawa.

Dawa ni kuweka kikomo cha picha 60 katika mipangilio ya kadi ya michoro. Kwa kazi za DOS, programu ya DOSBox huruhusu kupunguza kasi ya prosesa inayoigwa, na inaweza kubeba hata Windows 3.1 pale zana za uhariri zinapoihitaji. Kwa kazi zinazotegemea DirectX 7, zikiwemo za Blitz3D, programu ya dgVoodoo 2 huzigeuza amri za zamani za michoro ziweze kueleweka na kadi za sasa. Mipangilio iliyofaa iandikwe na kuhifadhiwa pamoja na simuleta.

Haki ni za nani?

Muundaji ana hakimiliki hata kama aliigawa kazi yake bure, na Mkataba wa Berne kwa kawaida humlinda kwa angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Zana ina mwenyewe mwingine, na kumpata ni kazi ngumu: Domark iliingia katika Eidos mwaka 1995, nayo Eidos ikanunuliwa na Square Enix mwaka 2009. Muundaji akiwa hai na anapatikana, ruhusa yake ya maandishi hupunguza usumbufu mwingi.

Mwenye diski za zamani aanze na nini?

Kwenye diski laini ya inchi 3.5, afungue kwanza kitundu cha kuzuia kuandikwa, kisha anakili diski nzima kuwa faili moja la taswira kabla ya kujaribu kuendesha chochote. Aweke nakala tatu, mojawapo nje ya nyumba yake, na aambatanishe maelezo mafupi ya jina la simuleta, mwaka, zana na toleo lake. Haki zikiruhusu, nakala ipelekwe kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Internet Archive, na msimbo chanzo upelekwe kwenye ile ya Software Heritage. Diski inayosomeka leo inakiliwe leo.