Mwongozo kwa Watumishi wa Umma Wanaowahudumia Wananchi kwa Mifumo ya Serikali Mtandao

Walengwa na lengo

Mwongozo huu umeandikwa kwa watumishi wa halmashauri, kata na taasisi za umma nchini Tanzania ambao kazi yao ya kila siku inapitia kwenye mfumo: afisa biashara anayeshughulikia leseni, mhasibu anayetoa ankara, karani wa masjala, mhudumu wa mapokezi hospitalini na mtendaji wa kata. Unawahusu pia wakuu wao, kwa kuwa mengi yanayomkwaza mwananchi dirishani huanzia kwenye maamuzi ya juu.

Msimamo wake ni mmoja. Mfumo haumwondolei mtumishi wajibu wake, na mwananchi aliyefuata utaratibu asibebeshwe gharama ya hitilafu ambayo hakuisababisha, iwe ni nauli, siku ya kazi au huduma yenyewe.

1. Zifahamu sheria zinazoongoza kazi yako

Wakala wa Serikali Mtandao ulianzishwa mwaka 2012. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 iliugeuza kuwa Mamlaka ya Serikali Mtandao, e-GA, yenye jukumu la kuratibu na kusimamia matumizi ya TEHAMA katika taasisi za umma. Mifumo yetu inapaswa kufuata viwango na miongozo ya Mamlaka hiyo.

Sheria nyingine tatu zinagusa dirisha lako moja kwa moja. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki. Hazikataliwi kwa sababu tu haziko kwenye karatasi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huohuo inafanya kuingia kwenye mfumo bila idhini, au kubadili na kufuta taarifa isivyo halali, kuwa kosa la jinai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azikusanye kwa lengo halali linalojulikana, azitumie kwa lengo hilo na azilinde.

2. Usidai karatasi ambayo mfumo tayari unayo

Kabla ya kumwambia mwananchi alete kivuli cha kitambulisho, leseni au cheti, fungua mfumo utazame. Kama taarifa inaonekana mbele yako na imethibitishwa, nakala haina kazi. Kumtuma mtu steshenari akatoe nakala ya kitu unachokiona kwenye kioo ni kumtoza ada isiyo kwenye orodha yoyote.

Pale ambapo sheria au kanuni inadai nakala, iombe mara moja, na orodha yote ya viambatisho umpe siku ya kwanza. Mwananchi anayeambiwa leo alete hiki na kesho akaambiwa bado kile, huondoka akiamini anazungushwa ili atoe kitu kidogo.

3. Majina yasiyolingana na vidole visivyosomeka

Hapa ndipo watu wengi hukwama, hivyo panahitaji uangalifu wa pekee.

Mama amezaliwa kijijini, cheti chake cha ubatizo kinasema Elizabeti, cha shule kinasema Elizabeth, na kitambulisho cha Taifa kina jina la babu ambalo hajawahi kulitumia. Mwingine ni Hamisi kwenye daftari la kijiji na Khamis kwenye kadi ya benki. Kwa macho ya mtu, huyu ni mtu mmoja. Kwa mfumo unaolinganisha herufi kwa herufi, hawa ni watu wawili. Ukikutana na hali hiyo:

a) Usimshuku mwananchi kwa kosa ambalo mara nyingi lilifanywa na mwandikishaji. Msomee kwa sauti jina lililoko kwenye mfumo, herufi kwa herufi, ili aelewe tofauti iko wapi.

b) Mweleze taasisi inayomiliki kumbukumbu yenye kosa. Cheti cha kuzaliwa hurekebishwa RITA. Taarifa za kitambulisho cha Taifa hurekebishwa NIDA. Mwandikie kwenye karatasi jina la ofisi, kinachotakiwa kurekebishwa na viambatisho vya kubeba.

c) Usibadilishe jina kwenye mfumo wako ili tu lipite. Ukifanya hivyo unazalisha mtu wa tatu, na kosa litamfuata mhusika hadi kwenye mafao na mirathi.

Kuhusu alama za vidole, kumbuka nani anahudumiwa. Mkata mkonge, fundi ujenzi, mvuvi na mkulima aliyeshika jembe miaka mingi huweza kuwa na vidole vilivyosagika. Futa kioo cha mashine, mwombe anawe na kukausha mikono, kisha ujaribu vidole vingine. Ikishindikana, tumia njia mbadala iliyomo kwenye utaratibu wa taasisi yako, na uandike kwamba umeitumia na kwa nini. Kama taasisi haina njia mbadala, andika kwa mkuu wako siku hiyohiyo. Mtu hawezi kunyimwa haki yake kwa sababu kazi ngumu imemla vidole.

4. Malipo: kontroli namba na stakabadhi

Tangu mwaka 2017 malipo ya Serikali yameendelea kuhamishiwa kwenye mfumo wa GePG. Mfumo wa taasisi hutengeneza ankara, GePG hutoa kontroli namba, mwananchi hulipa benki, kwa wakala au kwa simu, na taarifa ya malipo hurudi kwenye mfumo uliotoa ankara. Utaratibu huu umezuia fedha nyingi kuishia mikononi mwa watu. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari waliona mbali.

Kabla ya kumkabidhi mwananchi namba, soma naye mambo manne: jina la mlipaji, huduma anayolipia, kiasi, na tarehe ya mwisho ya namba hiyo. Usipokee fedha taslimu ukamlipie, na usimpe namba yako ya simu atume pesa, hata kama anakuomba kwa nia njema.

Akirudi na ujumbe unaoonyesha amelipa ilhali mfumo wako bado unasema anadaiwa, usimwambie alipe tena. Linganisha kontroli namba na kiasi kwenye ujumbe wake na vilivyoko kwenye ankara. Vikilingana, andika kumbukumbu ya muamala, ipeleke kwa mhasibu na Afisa TEHAMA, na umpe mwananchi jina la anayefuatilia na siku ya kupata jibu. Ni wajibu wa ofisi kusuluhisha hesabu za mfumo na benki.

5. Taarifa za mtu ni amana

Namba ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenye nayo. Kwa hiyo daftari lililoachwa wazi mapokezi, lenye majina, namba za NIDA na namba za simu, linampa tapeli karibu kila anachohitaji kujifanya ofisa wa benki. Zingatia yafuatayo:

a) Usitume picha za vitambulisho, vyeti au majibu ya vipimo kwenye makundi ya WhatsApp ya kazini. Tumia mfumo wa ofisi au barua pepe rasmi ya Serikali.

b) Geuza kioo cha kompyuta kisisomwe na walio kwenye foleni, na usitaje kwa sauti ugonjwa au deni la mtu.

c) Usifungue taarifa za jirani, ndugu au mtu maarufu kwa udadisi tu. Kuwa na ruhusa ya kuingia kwenye mfumo si kuwa na ruhusa ya kuchungulia.

d) Mwananchi akiomba kujua taarifa zake au kurekebisha kosa, msaidie. Sheria imempa haki hiyo, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi anakoweza kulalamika.

6. Nywila ni saini yako

Desturi ya kumwachia mwenzako nywila unapokwenda likizo ikome. Kila kilichofanyika kwa jina lako kitahesabiwa kuwa umekifanya wewe, na mkaguzi hatasikiliza habari za fulani alinishikia. Anayekaimu apewe ruhusa zake mwenyewe. Anayehama au kustaafu, ruhusa zake zifungwe siku anayokabidhi ofisi. Na mkuu asimwombe mtumishi wa chini aidhinishe kitu kwa akaunti ya mkuu.

7. Mtandao ukikatika

Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu kwenye nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilizorotesha intaneti Tanzania na nchi jirani. Julai 2023, jukwaa la eCitizen la Kenya lilishambuliwa na wadukuzi na huduma zikavurugika. Matukio ya aina hii yatajirudia, kwa hiyo kila ofisi ijiandae mapema.

Andaeni fomu za dharura zenye visehemu vilevile vilivyoko kwenye mfumo. Amueni mapema huduma zipi haziwezi kusubiri: mgonjwa, mzazi wa mtoto mchanga, msafiri, maiti inayosubiri kibali. Mtandao ukikatika, bandikeni tangazo lenye saa ya tatizo na huduma zinazoendelea, pokeeni maombi kwa fomu, mpeni kila mtu namba ya kumbukumbu, kisha mwingize taarifa mtandao ukirudi. Neno “njoo kesho” lisitamkwe bila mpango wowote nyuma yake.

8. Asiye na simu janja ana haki ileile

Wengi wanaohitaji huduma zetu wana simu za vitochi. Wafahamishe huduma zinazopatikana kwa kubofya *152*00#, ambayo haihitaji intaneti. Wanaojaziwa maombi steshenari waonyeni jambo moja: akaunti ifunguliwe kwa namba ya simu na barua pepe ya mwombaji mwenyewe. Ikifunguliwa kwa barua pepe ya mwenye steshenari, siku nywila itakapopotea, mwombaji atakuwa ameipoteza akaunti yake pia.

Kila ofisi iteue mtumishi wa kuwasaidia wazee, watu wenye ulemavu na wasiojua kusoma, bila malipo. Mwenye kusaidia amsomee mwananchi alichokijaza kabla ya kukituma.

9. Wajibu wa wakuu wa taasisi

Msizindue mfumo kabla ya kuujaribu na wale watakaoutumia, kwenye mtandao dhaifu wa kata na si kwenye ukumbi wa mkutano. Msifunge njia ya zamani siku ileile mnayofungua mpya. Fanyeni tathmini ya hatari kwa taarifa za watu kabla ya kuzikusanya. Kenya ilipata somo hilo kwa gharama kubwa: Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za utambulisho za Huduma kwa sababu Serikali haikuwa imefanya kwanza tathmini ya athari iliyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Pimeni mafanikio kwa muda anaoutumia mwananchi tangu anapoomba hadi anapopata, pamoja na mara alizorudi. Idadi ya mifumo mliyonayo haimsaidii mtu yeyote kama haisomani. Pokeeni malalamiko, yakiwemo yanayoletwa kupitia mfumo wa e-Mrejesho, myajibu, na wapeni watengenezaji wa mfumo orodha ya makosa yanayojirudia.

Hitimisho

Kodi ya mwananchi ndiyo iliyojenga mifumo hii. Mwananchi hataikumbuka kwa majina yake. Atakumbuka kama alihudumiwa au alizungushwa. Mtumishi mwenzangu, mfumo ukigoma, tafuta njia halali ya kumhudumia aliye mbele yako, iandike njia hiyo, na utoe taarifa ya tatizo. Huo ndio utumishi, na hakuna mashine itakayoufanya badala yako.