Shangazi, dada yangu tumbo limejaa maji

*Shangazi, dada yangu ana watoto watatu na hajafika miaka 40. Alitumia dawa za vidonda vya tumbo muda mrefu. Sasa tumbo limevimba, daktari anasema ni saratani ya tumbo iliyofika kwenye ovari zote mbili. Mama mkwe wake anasema ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Kaka yetu anataka kuuza shamba apelekwe India akatolewe ovari. Nami nahofia, je, itanipata? – Mdogo Mtu, Bondo*

Pole sana, mwanangu. Nianze na shamba, maana likishauzwa halirudi.

Kaka yako anaandama ovari kwa kuwa ndiko uvimbe ulikoonekana. Si wa kwanza. Mwaka 1896 daktari Mjerumani Friedrich Krukenberg aliueleza uvimbe wa namna hii akiamini umeanzia kwenye ovari. Miaka kadhaa baadaye ndipo wenzake walipobaini kwamba kwa kawaida hutoka kwingine, hasa tumboni. Saratani ya tumbo ikishafika kwenye ovari iko hatua ya nne, na kwa wengi haiponi kabisa. Sikufichi hilo. Kinachotangulia ni kemo, dawa inayozunguka mwili mzima kuipunguza kasi. Upasuaji unaweza kufaa ovari zikimletea maumivu, au saratani ikitulia kwa kemo na ikiwa haijatapakaa sana. Tena kuna wakati kemo huufinya uvimbe wa tumboni huku wa kwenye ovari ukizidi kukua, kwa hiyo daktari wa saratani na wa upasuaji lazima washauriane. Swali la upasuaji liulizwe Kisumu, kabla hamjakata tiketi ya ndege.

Nendeni hospitali ya Jaramogi pale Kisumu, ile wenyeji tunaiita Russia. Bebeni ripoti ya kinyofu cha nyama kilichopimwa na picha zote za skani. Ulizeni kama nyama ile ilipimwa protini ya HER2. Ikiwa ipo kwa wingi, kuna dawa ya trastuzumab inayoongezwa kwenye kemo. Na usajili wake wa bima ya afya ya SHA uwe hai, mjue familia yake imebakiwa na kiasi gani cha matibabu ya saratani mwaka huu.

Yale maji ya tumboni hutolewa kwa sindano na mpira. Atapumua vizuri, atalala, ingawa yanaweza kurudi. Maumivu yakizidi, asikatae mofini ya maji kwa kudhani ni dawa ya wanaoaga dunia. Ombeni wahudumu wa tiba shufaa tangu sasa, wafanye kazi sambamba na kemo. Msimsimamie amalize sahani ya kuon (ugali) na omena. Kikombe kidogo cha uji kila baada ya muda kinamtosha kuliko mlo mmoja mkubwa. Akiwa kwenye kemo, joto likifika nyuzi 38 ni hospitali usiku huohuo, si panadol na kungoja asubuhi.

Kuhusu chira, sitabishana na mama mkwe gazetini. Kama kuna jambo la boma la kutengeneza, watu wazima walitengeneze. Lakini lisiahirishe tarehe ya kemo, na dada yako asinyweshwe manyasi, ile mitishamba ya chira, bila daktari kujua. Wala asiambiwe amejiletea ugonjwa.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta dada yako mwenyewe anataka nini. Sikuona. Mama mkwe amesema, kaka amesema, wewe umesema. Muulize ukiwa naye peke yenu, kabla ya kikao kingine cha shamba. Huenda anataka kemo, huenda anataka kwanza mambo ya watoto na karo yapangwe.

Nawe: saratani hii haiambukizi. Bakteria wa tumboni anayeitwa *Helicobacter pylori*, anayechangia saratani ya tumbo, hupimwa na kutibiwa kwa antibiotiki, kapime. Kama kuna jamaa mwingine wa damu aliyewahi kuugua saratani ya tumbo, mwambie daktari, kwa kuwa ziko familia chache zinazoirithi. Na ukiwa na kiungulia kisichokwisha, kukonda au choo cheusi, usirudi duka la dawa. Omba endoskopi.