Notre-Dame ya Paris: Yaliyofichuliwa na Ukarabati

Kanisa Kuu la Notre-Dame liko kwenye kisiwa cha Île de la Cité, katikati ya mto Seine. Ujenzi wake ulianza mwaka 1163, enzi za Askofu Maurice de Sully. Moto wa tarehe 15 Aprili 2019 uliteketeza paa na kuangusha mnara wenye ncha, na milango ikafunguliwa tena Desemba 2024. Katika kipindi hicho wataalamu walichunguza sehemu ambazo kwa karne nyingi hazikufikika.

Ugunduzi mkubwa kuliko yote ni wa chuma. Mgeni akisimama katikati ya ukumbi na kuinua macho, ataona roshani zilizo juu ya mapito ya pembeni. Huko mawe yamebanwa kwa vibanio vya chuma: vipande vilivyokunjwa ncha zote mbili, kila ncha ikazamishwa kwenye tundu la jiwe lake. Vingine vilikutwa juu kabisa ya kuta, baada ya paa kuungua. Ingewezekana kabisa kudhani kuwa viliongezwa na mafundi wa baadaye, lakini vipimo vya kaboni vimeonyesha kuwa vya kwanza viliwekwa miaka ya 1160. Kwa hiyo waashi walikusudia tangu mwanzo kujenga kuta ndefu na nyembamba zilizofungwa kwa chuma, na hakuna kanisa kuu la Kigothi la kabla ya hapo linalojulikana kutumia chuma kwa wingi namna hii. Ni ujasiri wa kustaajabisha.

Kenchi za mwaloni zimefichwa juu ya kuba, wala hazionekani kutoka chini. Maseremala wa karne ya 13 walitumia miti mibichi, wakaichonga kwa shoka wakifuata mkondo wa nyuzi zake. Waliokarabati wamefanya vivyo hivyo.

Mahali ukumbi unapokatana na mbawa zake, kuba iliyo juu ni mpya, kwani ya zamani iliporomoka pamoja na mnara. Chini ya sakafu ya hapo, mwaka 2022, vilifukuliwa vipande vya ukuta wa kwaya wa karne ya 13 vyenye rangi bado. Mawe meupe ya leo, basi, hayatoi picha kamili ya enzi hizo: sanamu zilipakwa rangi.

Matao tegemezi ya nje yanaonekana vizuri zaidi kutoka Quai de la Tournelle, ng'ambo ya mto. Kituo cha metro kilicho karibu ni Cité, njia ya 4. Kuingia kanisani ni bure. Kupanda minara hulipiwa, na ngazi ni 424.